Kangaja wa Madoa au Binamu Zake: Ulinganisho kwa Anayetaka Kangaja wa Tangi la Matumbawe Nyumbani

Mfugaji wa matumbawe hufika wakati akamhitaji kangaja. Tangi limeshatulia, mawe yamevaa utando wa waridi, mwani wa nyuzinyuzi umeanza kuchipua kwenye mianya, na hakuna samaki anayeumudu mwani huo kuliko hawa wa ukoo wa Acanthuridae, wenye mwili bapa, mdomo mdogo na mwiba wenye makali ya wembe kwenye shina la mkia. Hapo ndipo swali linapozuka. Je, achukue kangaja wa kawaida anayepatikana kwa urahisi, au aweke akiba mpaka ampate yule nadra, Zebrasoma gemmatum, mwenye mwili mweusi uliotapakaa madoa meupe kuanzia kichwani na mkia wa rangi ya manjano?

Wengi hulijibu swali hili kwa kuangalia mfuko. Mwenye fedha humchukua wa nadra, asiye nazo humchukua wa bei nafuu, na wote wawili huamini kwamba bei imewaambia jambo fulani kuhusu ugumu wa kumtunza samaki. Ninaandika ulinganisho huu kwa sababu imani hiyo huua samaki wengi. Bei hupandishwa na umbali, kina cha maji na ufinyu wa makazi ya samaki. Haisemi lolote kuhusu jinsi atakavyostahimili maisha ndani ya kioo. Kati ya kangaja wanne nitakaowaeleza, aliye ghali kuliko wote si mgumu kuliko wote kumtunza, na mmoja wa walio nafuu ndiye ambaye ningemzuia mtu mpya kumnunua hata akipewa bure.

Wa kwanza ni huyo Zebrasoma gemmatum, ambaye nitamwita kangaja wa madoa. Alielezwa kitaalamu na Valenciennes mwaka 1835 kutokana na samaki wa Mauritius, na makazi yake yanayojulikana ni Mauritius, Réunion, Madagaska na pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, yaani kusini mwa pwani yetu ya Waswahili. Wa pili ni Zebrasoma xanthurum, kangaja wa zambarau, mwenye mwili wa buluu iliyokolea na mkia wa manjano, mzaliwa wa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, anayefika pia pwani za Oman. Wa tatu ni Zebrasoma desjardinii, aliyepewa jina la Julien Desjardins, mtaalamu wa viumbe wa Mauritius. Akikunjua mapezi yake ya juu na ya chini, kimo chake hukaribia urefu wake, na kwa hiyo nitamwita kangaja wa tanga. Huyu anaishi kuanzia Bahari ya Shamu, akishuka pwani yote ya Afrika Mashariki hadi maeneo ya Durban, na kuelekea mashariki hadi Java. Wa nne si wa jenasi hiyo: ni Acanthurus leucosternon, kangaja buluu mwenye uso mweusi, koo jeupe na pezi la mgongoni la manjano, ambaye wapiga mbizi wa Watamu, Kisite na Mnemba wanamfahamu vizuri.

Yupo pia Zebrasoma scopas, kangaja wa kahawia, ambaye ni mpole kiasi, hudumu na hupatikana kwa urahisi. Anayemwona hafifu kwa rangi hajawahi kumtazama chini ya taa nzuri, lakini kwa kuwa hakuna anayetatizika kuamua juu yake, sitamzungumzia zaidi.

Nafasi ya kuogelea

Kangaja si samaki wa kukaa pembeni ya jiwe akisubiri chakula. Hutembea mchana kutwa, akidonoa hapa na pale, akirudi na kwenda tena, na mwendo huo ndio uhai wake. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha tangi ni urefu wa kioo cha mbele, na ujazo wa lita hufuata baadaye. Tangi refu la lita 500 linamfaa kuliko tangi la mchemraba la lita 600.

Kangaja wa madoa na yule wa zambarau hufikia takriban sentimita 22. Kangaja buluu, katika hali ya kawaida, huwa sentimita ishirini na ushei. Kwa hawa watatu ningependekeza tangi lisilopungua sentimita 180 kwa urefu, lenye upana wa sentimita 60, na mawe yaliyopangwa kwa namna ya kuacha njia ya wazi mbele na nyuma. Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 linachukua lita 648 likijaa pomoni. Maji hayo peke yake yana uzito wa zaidi ya kilo 660, na ukiongeza kioo, mawe, mchanga na meza, unaikaribia tani moja iliyosimama kwenye eneo dogo la sakafu. Anayeishi ghorofani anapaswa kumuuliza fundi wa majengo kabla ya kumuuliza muuza samaki, na meza ielekezwe mahali penye boriti au ukuta unaobeba uzito.

Kangaja wa tanga ni habari nyingine kabisa. Anauzwa akiwa mdogo, mara nyingi chini ya sentimita 10, mwenye mistari mizuri ya manjano na kahawia, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kangaja wa madoa. Ila samaki huyu hufikia sentimita 40. Hata akiishia 30 ndani ya tangi, tanga lake likikunjuliwa litagusa nusu ya kimo cha maji, na tangi la sentimita 180 litakuwa limegeuka chumba cha kugeukia tu. Wanaomnunua kwa matumaini kwamba watahamia tangi kubwa baadaye, au kwamba hatakua kwa sababu tangi ni dogo, wanapanga mateso yake. Samaki aliyebanwa hakui vizuri, hunyauka, huwa mkali, na kinga yake hudhoofu. Mwenye uwezo wa tangi la sentimita 240 na lita elfu moja au zaidi amchukue kwa moyo mweupe, maana ni samaki mtulivu, mlaji hodari, na mwenye haiba ambayo wenzake hawana. Asiye nalo amwache.

Inafaa pia kufikiria muda. Utafiti uliofanywa Hawaii kwa kuhesabu pete za umri katika vijiwe vya ndani ya sikio vya kangaja wa manjano, Zebrasoma flavescens, uliwapata samaki waliofikia umri wa miaka 41. Huyo ni ndugu wa karibu wa kangaja wa madoa, na hakuna sababu ya kudhani kwamba jenasi hii ni ya kuishi miaka mitatu au minne. Anayemnunua kangaja leo ajiulize atakuwa anaishi wapi miaka kumi na tano ijayo, kwa sababu kuhama nyumba ukiwa na tangi la tani moja si kazi ya siku moja.

Joto, hewa na umeme

Katika jambo hili wanne hawa hawatofautiani sana, lakini mahali unapoishi panatofautiana sana, na ndiyo maana sitapita haraka. Wote wanahitaji maji yenye nyuzijoto 25 hadi 27, uzito mahususi (kipimo cha chumvi majini) wa 1.025 au 1.026, hewa nyingi na mkondo wenye nguvu. Kangaja hutoka kwenye miamba inayopigwa na mawimbi, kwa hiyo hutumia oksijeni nyingi kuliko samaki wengi wa ukubwa wake, na maji yakipata joto oksijeni hupungua wakati uleule ambao mwili wa samaki unaihitaji zaidi.

Mjini Mombasa, Dar es Salaam au Unguja shida ni joto. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzijoto kadhaa kwa njia ya uvukizi, lakini wakati wa kaskazi hewa ya pwani huwa na unyevu mwingi na feni hupoteza nguvu. Tangi la kangaja ghali pamoja na matumbawe ya miiba linahitaji mashine ya kupoza maji, au chumba chenye kiyoyozi kama ilivyo kawaida katika nyumba za Muscat. Nairobi na Arusha shida ni kinyume chake: usiku wa Julai maji hupoa, na hita mbili ndogo ni salama kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikiganda katika hali ya kuwaka haitaweza peke yake kuwachemsha samaki.

Umeme ukikatika, kichujio cha povu (kinachotoa uchafu majini kwa viputo vya hewa) husimama, pampu husimama, na katika tangi lenye kangaja kadhaa oksijeni majini huanza kupungua vibaya ndani ya saa chache. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika ni kifaa cha bei ndogo, na ningemtaka kila mnunuzi wa kangaja awe nayo kabla ya samaki. Kwa tangi litakalokuwa na kangaja wa madoa, pampu moja ya mkondo iunganishwe na betri kubwa au na mfumo wa sola wa nyumba.

Kuhusu maji, mkazi wa pwani ana neema ambayo mfugaji wa Nairobi au wa Ulaya hana. Maji ya bahari yakichotwa wakati wa kujaa, mbali na bandari, mifereji na midomo ya mito, na nje ya msimu wa masika mito inapomwaga matope, yanafaa sana baada ya kuchujwa. Mwenye kutengeneza maji kwa chumvi ya dukani ajue kwamba lita 648 zinahitaji karibu kilo 23 za chumvi kwa kujaza mara moja tu, na kwamba maji ya bomba lazima yasafishwe kwanza kwa chujio la osmosisi, linalopitisha maji kwenye utando mwembamba.

Ugonjwa, mahali ambapo uchaguzi huamuliwa

Kama ningeruhusiwa kulinganisha kwa jambo moja tu, ningechagua hili. Kangaja wote wana ute mwembamba wa ngozi na magamba madogo, na kwa hiyo hushambuliwa kwa urahisi na Cryptocaryon irritans, kimelea anayeonekana kama punje za chumvi mwilini, na pia na kimelea mwingine, Amyloodinium ocellatum, ambaye ni hatari zaidi, kwa kuwa huua kwa siku chache na mara nyingi kabla mfugaji hajaona dalili za wazi.

Tofauti ipo katika kiwango. Kwa uzoefu wa wafugaji wengi, kangaja wa jenasi ya Acanthurus hushikwa upesi na vibaya zaidi kuliko wale wa Zebrasoma, na kangaja buluu anaongoza. Huyu ni samaki anayefika dukani amekonda, amechoka, amefungiwa na wenzake ambao anawachukia, na ndani ya siku chache za tangi jipya punje nyeupe hujitokeza. Uzuri wake na bei yake vinawavuta wanaoanza, na wanaoanza ndio wasio na tangi la karantini. Matokeo yake ni kwamba samaki aliye mwingi katika miamba yetu ndiye anayekufa kwa wingi katika matangi ya watu. Kangaja wa madoa, akishavuka safari na akaanza kula, ni mgumu wa mwili, hujirekebisha na humudu maisha ya tangi kwa miaka. Kangaja wa zambarau na wa tanga wako katika daraja hilohilo.

Hata hivyo hakuna kati ya wanne hawa anayepaswa kuingia moja kwa moja kwenye tangi la matumbawe. Mzunguko wa Cryptocaryon unaeleza kwa nini. Kimelea hukaa kwenye ngozi na matamvua ya samaki kwa siku 3 hadi 7, kisha huanguka, hujifungia ndani ya kifuko kwenye mchanga au mawe, hugawanyika humo, na kutoa mamia ya vimelea wapya wanaoogelea kumtafuta samaki. Punje zinapotoweka mwilini, mfugaji hushangilia, kumbe ugonjwa uko sakafuni. Imewahi kuonekana hatua ya kifuko ikidumu hadi siku 72, na ndiyo sababu wafugaji waangalifu huacha tangi lililoambukizwa bila samaki hata mmoja kwa siku 76.

Dawa inayotegemewa zaidi ni shaba, lakini shaba huua matumbawe, kamba na konokono, na mawe huifyonza, hivyo haiwezi kutumika ndani ya tangi kuu. Tangi la karantini linaweza kuwa la kawaida kabisa, la lita 150 au zaidi, lisilo na mchanga wala mawe, lenye mabomba ya plastiki ya kujifichia, kichujio cha sponji kilichokomaa na hita. Shaba huru hutunzwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita, ikipandishwa polepole kwa siku mbili au tatu na kupimwa kila siku. Shaba iliyofungwa kikemikali ina kipimo chake tofauti kilichoandikwa kwenye chupa, na kuchanganya vipimo hivyo viwili ni kumuua samaki au kumwacha bila tiba. Matibabu huchukua takriban mwezi mmoja. Asiyetaka shaba anaweza kumhamisha samaki kila baada ya saa 72 kwenda tangi safi na kavu lililojazwa maji mapya, mara nne mfululizo, ili vimelea vinavyoanguka viachwe nyuma kabla havijazaa. Njia hii ni ya kazi nyingi, lakini haina kemikali. Ila haiondoi Amyloodinium.

Ninasisitiza haya kwa sababu gharama ya karantini ni ileile kwa samaki wa dola 50 na wa dola 1,000, na asiye tayari kuitenga hana sababu ya kulinganisha kangaja yeyote.

Kuna maradhi mengine yasiyoua lakini yanayoharibu sura: ngozi ya kichwani na kando ya mstari wa ubavuni hulika na kuacha makovu yaliyopauka. Kwa kangaja wa madoa, ambaye thamani yake yote machoni pa mnunuzi ni ngozi hiyo, hili ni jambo zito. Chakula duni hutajwa mara nyingi kuwa chanzo, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2011 nchini Marekani ulionyesha kwamba mkaa wa kuchujia maji wa aina ya lignaiti (makaa ya mawe laini) uliwasababishia kangaja wa Atlantiki makovu hayo. Anayetumia mkaa auoshe mpaka maji yatoke bila vumbi, achague ule mgumu, na auweke mahali ambapo chembe zake hazitarudi tangini.

Chakula

Watatu wa Zebrasoma wana mdomo uliochongoka, unaofika kwenye mianya ya mawe ambako samaki wengine hawafiki, na wanasifika kwa kusafisha mwani wa nyuzi. Kangaja buluu hula mwani ulioko juu ya mawe. Kwa vyovyote, tangi la nyumbani haliwezi kumshibisha hata mmoja kwa mwani unaoota wenyewe. Karatasi za mwani mkavu usiotiwa mafuta wala viungo ziwekwe kwenye kibanio kila siku asubuhi, na kando yake apewe punje za chakula chenye mimea, pamoja na kamba wadogo waliogandishwa.

Wakazi wa pwani wanaweza kukusanya mwani mbichi laini wa jenasi ya Ulva au Gracilaria kutoka maji safi. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni mgumu zaidi, ingawa wakulima wa huko wanajua vizuri jinsi samaki tasi wanavyouguguna shambani. Mwani wa kuchuma baharini uoshwe na ukaguliwe, kwa sababu hubeba kaa wadogo na konokono wasiotakiwa.

Kangaja wa tanga ana tabia moja iliyonifurahisha nilipoisoma: katika Bahari ya Shamu watafiti wamemwona akila viwavi wa baharini, viumbe laini wa kuelea ambao hakuna aliyemtarajia mla mwani awaguse. Kwa mfugaji, maana yake ni kwamba kumlisha mwani peke yake ni kumpunja, na hilo nadhani linawahusu ndugu zake pia. Kangaja mwenye njaa ndiye anayeanza kudonoa matumbawe yenye nyama nene. Akishiba, wote wanne huyaacha matumbawe salama mara nyingi.

Ugomvi

Kwa ukali ningewapanga hivi, kuanzia aliye mkali zaidi: kangaja wa zambarau, kangaja buluu, kangaja wa madoa, na mwisho kangaja wa tanga. Tofauti kati ya wawili wa kwanza ni ndogo. Kangaja wa zambarau akishalimiliki tangi humkataa kila anayefanana naye kwa umbo, na mwiba wa mkia wake hukata nyama kweli. Nimeona mara nyingi watu wakinunua kangaja wa zambarau kwanza kwa sababu alipatikana mapema, kisha wakatamani kumwongeza kangaja wa madoa. Utaratibu huo ni wa hatari, na kwa bei ya samaki wa pili haupaswi hata kujaribiwa.

Mwenye nia ya kuwa na kangaja zaidi ya mmoja aanze na wapole, wakali waje mwisho, au wote waingie siku moja wakitoka karantini moja, wakiwa wametofautiana kwa ukubwa. Mgeni akae kwanza ndani ya sanduku lenye matundu lililoning'inizwa tangini kwa siku kadhaa ili waonane bila kugusana. Kioo cha kujitazamia kikibandikwa nje ya tangi upande wa mbali humshughulisha mwenyeji na kivuli chake, na mgeni hupata nafasi ya kula. Kama tangi ni la sentimita 180, ushauri wangu ni Zebrasoma mmoja tu.

Alikotoka samaki

Kangaja wa madoa huvuliwa kwa mikono na wapiga mbizi, mara nyingi katika kina kirefu kuliko wenzake, na hapo ndipo sehemu ya bei inapotoka. Samaki anayepandishwa haraka kutoka kina hicho hupata madhara ya kibofu cha hewa, na madhara hayo huweza kuonekana baadaye dukani: samaki anaogelea mkia juu au anapambana asielee. Bei yake katika maduka ya Marekani imewahi kuzidi dola 1,000.

Lipo chaguo la tano, ambalo ningependa lipewe uzito unaostahili. Mwaka 2015 Taasisi ya Oceanic ya Hawaii ilifaulu kukuza kangaja wa manjano kutoka yai hadi samaki kamili, na mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Florida kikafaulu kwa Paracanthurus hepatus, kangaja wa jenasi nyingine. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi kwa sababu vifaranga vya kangaja huelea baharini kwa wiki nyingi na mwanzoni hula watoto wa kopepodi tu, vijidudu vya majini wa jamii ya kamba, wadogo mno kuonekana kwa macho. Baada ya uvuvi wa samaki wa mapambo kusimamishwa Hawaii, kufuatia uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo mwaka 2017 na amri zilizofuata, kangaja wa manjano wa kuzalishwa akawa ndiye anayepatikana zaidi. Huyu hafiki na majeraha ya uvuvi, amezoea punje za chakula tangu utotoni, na mara nyingi ni mpole zaidi. Mfugaji asiyewahi kumiliki kangaja anapata hapa mwalimu bora kuliko wanne wote nilioanza nao.

Kwa wanaoishi Kenya na Tanzania, kuna kishawishi cha kumvua kangaja buluu au wa tanga mwenyewe. Kenya ina biashara halali ya samaki wa mapambo yenye wavuvi wenye leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na hifadhi za bahari za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite haziguswi kamwe. Tanzania ina Sheria ya Hifadhi za Bahari ya 1994, na maeneo kama Mafia na Chumbe yana ulinzi wake. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa hata kama kipande ni kidogo. Nunua kwa mwenye leseni, naye akueleze samaki alivuliwa wapi.

Nani amchukue yupi

Mwenye tangi la sentimita 120 hadi 150 amchukue kangaja wa manjano wa kuzalishwa, amtunze miaka miwili, na aone kama taratibu za mwani wa kila siku na karantini zinamkaa. Mwenye tangi la sentimita 240 na kuendelea, hasa aliye karibu na bahari, simwoni anayemfaa zaidi ya kangaja wa tanga, na asione kwamba amechukua wa daraja la chini kwa sababu ya bei. Kangaja wa zambarau ni wa mtu anayetaka rangi kali, mwenye tangi la sentimita 180, na aliye radhi kumfanya samaki huyo wa mwisho kuingia.

Kangaja buluu ningemwachia mfugaji aliyeshatibu samaki wengine kwa shaba na kufaulu. Huyo, akiwa na mkondo wa nguvu na maji safi sana, atapata samaki ambaye hakuna picha inayomtendea haki.

Na kangaja wa madoa? Anamfaa yule yule wa tangi la sentimita 180 ambaye ameshamfuga Zebrasoma mwingine kwa muda mrefu bila ajali, ana karantini iliyo tayari na umeme wa akiba, na ambaye hana Zebrasoma mwingine ndani kwa sasa. Kwa mtu huyo sioni sababu ya kuogopa. Anayekosa hata moja kati ya hayo, fedha zake zitafanya kazi nzuri zaidi zikinunua tangi refu, mashine ya kupoza maji na betri, na samaki asubiri.

Siku ya kununua, usimchague kwa rangi. Mtazame kwa mbele: tumbo lisiwe limeingia ndani, na nyama ya juu ya macho isiwe imebonyea. Hesabu anavyopumua, matamvua yanayokwenda mbio au upande mmoja uliofumbwa ni dalili ya vimelea. Uliza amekaa dukani kwa siku ngapi, na kama maji yake yana shaba, ni kipimo gani, ili karantini yako isimshtue. Kisha mwombe muuzaji ambanie karatasi ya mwani mbele yako. Kangaja asiyeula, hata awe wa madoa, lipia amana tu na umwache palepale hadi aanze kula.